Seva Iliyokataa Dosie Nene

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika arobaini mchana, pale mstari wa kwanza ulipotokea kwenye skrini yangu. Najua saa kwa sababu seva yenyewe iliiandika mwanzoni mwa mstari. Nilikuwa ninakula mkate kwa kujificha, mdomo umejaa, na ilibidi nimeze kwanza ndipo nimwonyeshe shefu, mkubwa wangu wa kazi, kwa kidole kwamba kazi aliyonipa imekubali.

Nieleze nilikuwa wapi. Niko sekondari, sehemu ya informatika, na mwaka wa mwisho lazima kila mwanafunzi afanye staji, yaani mafunzo ya kazini. Wenzangu walipata benki, wengine makampuni ya simu. Mimi sikwenda kuomba popote, maana kuomba ni kuongea, na kuongea na mtu nisiyemjua kunanifanya nitoke jasho mikononi. Basi shule ikanipa nafasi iliyobaki: biro ndogo katika mtaa wa Kigobe, nyumba ya watu iliyogeuzwa ofisi, na meza ya shefu wangu imewekwa mahali palipokuwa jiko. Bomba la maji bado lipo ukutani.

Biro hiyo inapeleka watoto wenye ugonjwa wa moyo kupasuliwa nje ya nchi. Si wote. Dosie, yaani karatasi zote za mgonjwa, zinapokelewa, madaktari wa huko mbali wanazisoma, wanachagua. Asiyechaguliwa anangoja mwaka mwingine, kama moyo wake unaweza kungoja.

Zamani wazazi walikuwa wanapanga mstari getini na bahasha zao. Safari hii Madamu, ndiye mkurugenzi, alitaka kila kitu kipite kwenye intaneti ili watu wa mikoani wasitese miguu yao. Nilimwona ni mtu wa huruma, na mpaka leo siwezi kusema vingine. Mzazi anajaza jina la mtoto, anaweka karatasi zote katika faili moja, anabonyeza "Tuma". Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Saa ikifika, ukurasa unajifunga wenyewe na majina ya dosie zilizokamilika yanakwenda kwa madaktari. Wao walikuwa wanakaa kikao Jumatano.

Lakini wiki nzima simu zilikuwa zinalia. Akina mama walikuwa wanasema kitu kimoja: ninabonyeza, inakuwa nyeupe. Shefu anafungua seva, anatazama, haoni kosa lolote. Madamu akasema pengine watu hawajazoea mashine. Shefu hakuridhika. Yeye ni mtu wa kukuna kidevu. Alikuna mpaka akagundua kwamba seva ilikuwa imezibwa mdomo. Fundi aliyekuwapo kabla yake alichoka kuona diski inajaa maandishi, akaiamuru isiandike tena chochote isipokuwa makosa makubwa. Na kwa seva, kukataa si kosa. Imeambiwa isipokee kitu kinachozidi mega kumi. Ukiiletea zaidi inakufungia mlango na kuendelea na mambo yake, haiachi hata alama.

"Hii seva na wewe mumezaliwa siku moja," shefu aliniambia. "Munakataa mutu bila kusema."

Nilicheka kwa pua. Ni kweli kwamba nilikuwa ninamwandikia ujumbe kwenye simu hali anakaa meza ya pili, na yeye ananijibu kwa sauti.

"Basi we ndiye utaifundisha kuongea," akasema. "Munaelewana."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kuna faili ambamo seva inaandika yanayotokea, tunaliita logi. Niliiamuru iandike kila inapokataa: saa, anwani ya mashine iliyoleta, ukubwa wa kilicholetwa, kipimo kinachoruhusiwa, na neno "imekataliwa". Niliweka na ukubwa kwa sababu nilitaka kujua kama watu wanazidisha kidogo ao wanazidisha sana. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikachukua mkate wangu.

Mstari wa kwanza ulisema mega thelathini na nane.

Shefu akavuta kiti. Ukaja wa pili, wa tatu. Kuna anwani moja ilirudi mara nyingi, mega zile zile, dakika chache katikati, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa, anangoja kidogo, anasukuma tena. Hakuna aliyemwambia kwamba umefungwa kwa sababu ya mzigo wake. Yeye alikuwa anaona ukurasa mweupe tu.

"Lakini wanaweka nini humo?" shefu akauliza. "Wanatuma filamu?"

Mimi nilijua wanaweka nini. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemsindikiza jirani yetu kupiga skana.

Tunakaa mtaa wa Nyakabiga, katika parseli yenye nyumba tatu na bomba moja uani. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma ana binti wa miaka tisa ambaye hakimbii. Akikimbia midomo inageuka rangi ya bluu nyeusi, anakaa chini palepale alipo, hata kama ni kwenye matope. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na ndiye mtu pekee nje ya nyumba yetu ninayeongea naye bila kufikiria kwanza. Daktari wa hospitali alimwambia mama yake waziwazi: huyu asingoje mwaka mwingine.

Dosie yake ilikuwa imeshiba. Karatasi za hospitali tangu ana miaka minne, picha za moyo, vipimo vya damu, hati ya kuzaliwa, hati ya umaskini kutoka zoni, ofisi ya serikali ya mtaa, na kila moja ina muhuri wake, sisi tunasema kasheti. Kwenye sekretaria, kale kachumba kenye kompyuta na skana karibu na kona yetu, watu walikuwa wengi. Fundi wa skana alimuuliza:

"Mama, nipige ya rangi ao nyeusi?"

"Ya rangi, baba. Kasheti ionekane."

"Rangi ya kawaida ao ya juu?"

"Weka ya juu kabisa. Unataka waseme ni fotokopi?"

"Huyu mama anataka kasheti ifike na wino wake mubichi," mzee mmoja nyuma yetu akasema, na watu wakacheka, lakini zamu yake ilipofika na yeye akaomba ya juu kabisa.

Nani angeomba nyingine? Hapa kwetu, karatasi ambayo kasheti yake imetoka nyeusi si karatasi. Utafika dirishani, mtu wa biro ataigeuza, ataitazama kwenye mwanga, atakurudishia bila kukutazama usoni. Kila mtu limemkuta hilo. Kwa hiyo mtu akipiga skana ya kitu muhimu, anataka bluu ionekane bluu na nyekundu ionekane nyekundu, na fundi anapandisha mashine mpaka mwisho, na faili linanenepa. Kwenye ukurasa wa biro yetu hapakuwa na neno lolote la kusema ukubwa mwisho wake wapi.

Nilimwandikia shefu: ni kasheti, wanapiga rangi ya juu. Akasoma, akaguna.

Halafu akafungua zile dosie zilizoingia vizuri, zilizokamilika, akaanza kuzipitia. Nilikuwa ninatazama begani kwake. Zilikuwa nyembamba. Karatasi tatu, karatasi tano. Mtoto aliyepimwa mara moja mwezi uliopita. Mwingine barua ya daktari na picha moja. Si kwamba hawaumwi. Lakini nilipokuwa ninaziangalia nikaandika tena kwenye simu: shefu, aliyeugua muda mrefu ndiye mwenye karatasi nyingi.

Alisoma. Hakujibu kwa mzaha safari hii. Alinigeukia.

"Sema tena," akasema. "Kwa mudomo."

"Walio wagonjwa sana," nikasema. "Ndio seva inawakataa."

Tulikwenda kwa Madamu wote wawili. Mimi nilisimama nyuma ya shefu, karibu na mlango, nikishika mkanda wa begi langu. Shefu alieleza. Madamu alisikiliza vizuri, kalamu mkononi, na mwisho akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Hao waliokataliwa ni nani?"

"Hatujui, Madamu. Logi inaonyesha anwani ya mashine, na saa. Jina linakuwa ndani ya dosie, na dosie haikuingia."

"Bon. Na wa wiki iliyopita?"

"Hao hata anwani hatuna. Seva ilikuwa haiandiki."

"Kwa hiyo utawaita namna gani?"

"Hatuwezi kuwaita."

Akatazama saa ya ukutani. Nilidhani atasema tuahirishe. Shefu naye alidhani hivyo, maana alianza kusema "labda siku mbili", lakini Madamu alitikisa kichwa. Madaktari wanakaa kesho asubuhi, akasema, na wakikosa majina yetu wanaanza na ya nchi nyingine, na hapo hata hawa wa dosie nyembamba tutawakosa. Akaruhusu tuongeze kipimo mpaka saa ya kufunga. Atakayejaribu tena kwa bahati yake, aingie.

Shefu akaongeza. Mega kumi ikawa hamsini. Akaniambia, bila kunitazama, "Kama kuna mutu unamujua, mupigie."

Sipigi watu simu. Nampigia mama yangu tu, na siku hiyo simu ya mama ilikuwa imezimwa, chaji ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Nikaenda uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mlinzi hawezi kunisikia, nikampigia jirani.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Wa nyumba ya mbele."

"Wewe? Kuna nini, mutu amekufa?"

"Apana. Dosie. Ilikuwa inakataa kwa sababu ni nene. Sasa wameongeza. Rudi kwenye sekretaria, utume tena. Mbele ya saa kumi na moja."

"Nimeenda mara nne leo," akasema. "Fundi wa skana amenichoka. Ananiambia hiyi site yenu imekufa."

"Haijafa, mama. Nenda."

Nikarudi ndani kukaa mbele ya logi. Yule mtu wa anwani iliyokuwa inarudi hakurudi tena. Nilimngoja. Pengine alikuwa amekata tamaa dakika chache kabla hatujafungua. Mpaka sasa sijui ni nani, alikuwa mji gani, mtoto wake ana umri gani. Najua tu kwamba dosie yake ilikuwa na mega thelathini na nane. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa yake.

Kisha mstari mmoja ukapita bila neno "imekataliwa", mega arobaini na moja, na haikuchukua muda simu yangu ikalia.

"Imesema asante," jirani yetu akasema. Nyuma yake nilisikia watu wa sekretaria wanapiga makofi, na yule fundi anasema, "Niliwaambia mashine yangu ni nzima." Jirani akaendelea, "Mutoto wangu, imeandika asante, tumepokea. Na jina lake liko hapo. Ninaliona."

Nilimwambia shefu kwa mdomo, bila kulazimishwa. Akanipa mkono kama mtu mzima. Ilipokaribia saa ya kufunga akavaa kofia yake, akaondoka, maana kupata basi siku hizi ni kusimama mpaka miguu ivimbe: mafuta hakuna, na magari machache yaliyopo yanajaa kabla hayajasimama. Mimi nilikaa. Nilitaka kuona ukurasa unavyojifunga.

Ulijifunga saa yake. Majina yakaondoka. Madamu alipita koridoni, akaniambia kwaheri, nikajibu kwa kichwa.

Nilifungua dosie zilizoingia ili nilione jina la mtoto. Sikuwa na sababu nyingine, nilitaka kuliona tu. Jina lilikuwapo, na umri, na simu ya mama. Pale panapokaa karatasi palikuwa patupu.

Nilifikiri nimefungua vibaya. Nikafunga, nikafungua. Patupu. Na pembeni, mahali mfumo unapoandika wenyewe: "haijakamilika".

Nilielewa polepole, na nilivyoelewa sikupenda kuelewa. Milango ilikuwa miwili. Ule wa mbele ni wa seva, ndio tuliofungua. Nyuma yake kuna programu inayopokea dosie na kuziweka mahali pake, na yenyewe ina kipimo chake, nayo mega kumi. Dosie ya jirani ilipita mlango wa mbele, ikafika wa nyuma, programu ikachukua jina na kutupa karatasi. Haikuandika popote, kwa sababu logi yake ilikuwa bado imezimwa. Mimi niliwasha moja. Sikujua kuna ya pili, na shefu aliijua lakini aliisahau katika haraka ile. Na ule ukurasa wa asante aliyeutengeneza aliuamuru useme asante kwa kila anayebonyeza, hata kama mikono yake ni mitupu.

Zamani ulikuwa unakuwa mweupe, mtu anajua kwamba kuna shida. Sisi tuliubadilisha, ukawa unamdanganya.

Nilimpigia shefu. Alikuwa barabarani, ninasikia watu wanagombania mlango wa basi.

"Shefu, karatasi hazimo."

"Karatasi gani?"

Nikamweleza.

"Ile ya nyuma," akasema. "Eh, Mungu wangu. Ile ya nyuma."

"Tufanye nini?"

"Site imefungwa. Majina yameshakwenda." Mtu alimsukuma, akamwambia "taratibu, kaka", kisha akarudi kwangu, sauti imeshuka. "Nenda nyumbani, mutoto. Kesho tutaona."

Kutoka Kigobe mpaka Nyakabiga nilitembea. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotembea kama mimi, watu wa biro na viatu vyao vizuri mkononi, wanafunzi, akina mama. Nilikuwa ninapanga maneno. Ninaanza na "mama, samahani", ninaona halifai, ninaanza tena.

Nilipoingia uani jirani alikuwa ameketi mbele ya mlango wake na mama yangu, makaa yanawaka, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zinakaangwa. Alikuwa amenunua fanta. Chupa moja, akaigawa katika vikombe vitatu vya plastiki, na kimoja alikuwa ameniwekea juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu asiyeongea. Leo amenipigia simu, nikajua dunia imefika mwisho."

Mama yangu akacheka. "Mi niliyemuzaa, hata mi hanipigii hivyo."

Yule mtoto alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooka. Anapumua kwa mabega. Aliniita nikae karibu naye, akaninong'oneza:

"Yaya, kule watanikata wapi?"

Nikamwonyesha kifuani, katikati, kwa kidole.

"Wakimaliza wanashona?"

"Wanashona."

"Na uzi wa rangi gani?"

Nikasema sijui. Akasema yeye anataka mwekundu, kama kasheti. Nilikunywa ile fanta. Ilikuwa na joto, na sikuweza kuimaliza, na sikuweza kuirudisha.

Nilimvuta mama yangu ndani, nikamwambia yote kwa sauti ya chini. Alikaa kitandani. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Niliposema nakwenda kumwambia jirani sasa hivi, alinishika mkono.

"Apana. Habari mbaya haipelekwi jioni. Mutu anayepewa habari mbaya jioni, anafanya nini nayo? Biro zimefungwa, hospitali imefungwa, atalala nayo peke yake. Unangoja kuche."

Ndivyo inavyofanywa kwetu. Hata msiba, watu wanaweza kuujua tangu jioni, wakakaa nao kifuani, ndipo mapambazuko wanagonga mlango wa mfiwa. Nimeona wakubwa wakifanya hivyo. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa miongoni mwao, nikisikiliza ukutani mtu anacheka kwa sababu sijamwambia bado.

"Na wewe ndiye utamwambia," mama akasema. "Si mimi. Habari njema aliisikia kwako."

Asubuhi nilimkuta kwenye bomba, anakinga maji. Ndoo ilikuwa inajaa. Nilimsalimu, akanijibu, akaniona uso, akafunga bomba.

"Mama," nikasema. "Dosie haikuingia. Jina limeingia, karatasi zimetupwa. Kosa ni letu, si lako."

"Lakini ilisema asante."

"Inasema asante kwa kila mutu."

Hakulia. Aliangalia mlango wake, mtoto alikuwa bado amelala. Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kila kidole, akaingia ndani. Alitoka na bahasha ya kaki iliyofungwa katika mfuko wa plastiki, ile yenye karatasi zenyewe, kasheti zenyewe, za bluu na nyekundu. Alitaka kuja. Lakini mtoto hawezi kutembea mpaka Kigobe, na kumwacha peke yake hawezi. Akaniwekea bahasha kifuani, akaikandamiza kwa viganja viwili.

"Usiikunje," akasema.

Nilitembea nimeikumbatia. Nilifika biro mlinzi bado anafagia. Niliwasha mashine, nikaenda kwenye logi, nikachapisha mistari yote ya jana yenye neno "imekataliwa". Nikaiweka juu ya bahasha. Shefu alifika, akaona, akaelewa, akataka kuchukua vile vitu avipeleke yeye. Nikamwambia apana. Nadhani alishangaa, lakini alinipisha.

Madamu alikuwa anavua koti. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, nisije nikanyamaza: kuna mlango wa pili, tuliusahau, mtoto huyu ana miaka tisa, daktari amesema asingoje, karatasi zake ni hizi. Nilisema haraka na vibaya. Alichukua bahasha, akatoa karatasi moja moja. Kwenye picha ya moyo alikaa muda mrefu. Akaniambia kikao kimeshaanza, anaweza kuwapigia madaktari, hawezi kuniahidi kwamba watafungua dosie iliyochelewa. Mwaka jana walikataa.

Kisha akachukua ile karatasi ya logi, akaisoma juu mpaka chini: saa, mega, imekataliwa, saa, mega, imekataliwa.

"Na hawa wengine?" akauliza. "Ni watoto wa nani?"

"Sijui, Madamu."

Aliiweka mezani kichwa chini. Akainua simu, akanionyesha kwa mkono kwamba nitoke. Nilitoka. Lakini sikurudi kwenye meza yangu. Kuna kiti cha wageni koridoni, mbele ya mlango wake, ambacho tangu nianze staji nilikuwa ninakipita haraka ili mtu asiniulize kitu. Nikakaa hapo, ule mfuko wa plastiki nimeukunja juu ya magoti, nikisikiliza namba inaita upande wa pili, inaita, haijashikwa.